Balozi Alisema Hamjui

Serikali ilitujengea vyumba viwili vya matofali kule Temeke, sie tuliotoka hospitali ya wagonjwa wa akili tukakosa pa kwenda. Hela ya umma ile, ingawa leo nikisimulia watu wananiona bado sijapona. Nesi alikuwaga anakuja kila Jumatatu na vidonge. Chumba kimoja changu, cha pili cha mwenzangu, Mmakonde mchonga vinyago, aliyelala miaka mingi barazani mwa magodauni ya Kurasini. Alipopewa mlango wake alishinda akiufunga na kuufungua, anacheka peke yake.

Aliyemponza ni balozi wetu wa nyumba kumi. Katibu wa tawi la chama naye namtia humo humo kwenye lawama, maana alijua akanyamaza. Balozi alikuwa na shemeji yake katoka bara, hana pa kulala, na macho yao yalikuwa kwenye kile chumba.

Ikaja siku ya kukamata wazururaji. Mgambo walisimamisha lori mtaani asubuhi, na swali lao lilikuwa moja: balozi wako nani? Akikutambua, unabaki. Akikukana, unapelekwa vijijini ukalime.

Mie mke wa balozi aliniwahi. "Huyo muacheni, anatuchotea maji."

"Na huyu?"

Balozi akamtazama mwenzangu, ambaye walishampandisha. "Huyo simjui."

Mwenzangu akainama juu ya lori, kwa adabu ileile ya kila asubuhi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," balozi akaitikia. Ilimtoka tu.

Watu wakacheka. Mgambo akauliza, "Humjui, mbona unamuitikia?"

"Mie hata mbuzi akiniamkia namuitikia, bwana. Pelekeni."

Nikasema anakaa hapa, dawa zake zimo ndani. Mgambo akaniambia, "Na wewe chizi, nyamaza, nafasi bado ipo."

Adhuhuri shemeji mtu akaingiza kitanda chake kwenye chumba cha mwenzangu. Jumatatu nesi alipomuulizia mgonjwa wake, katibu wa tawi akamjibu amerudi kwao Newala. Nesi akarudi na vidonge vyake. Nilikwenda kwa miguu hadi mashamba ya Chanika, walikosema wa lori lile walipelekwa, hakuna aliyemwona.

Nimeota mvi sasa. Lori likipunguza mwendo karibu na kwangu, natoka. Wanashusha mchanga, wanashusha kuni. Nasimama pale mpaka wamalize kushusha, huenda na mwenzangu akateremka.