Siku Papa Alipomwambia Injenia Aanze Tena

Jumapili ile ninaikumbuka, mwanangu, ingawa hadi leo sijui niiweke upande wa furaha au wa huzuni. Mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, Wabelgiji wanatawala, na kwa mara ya kwanza sisi weusi tuliruhusiwa kuchagua madiwani wa mtaa. Kaka yangu Anselme alikuwa anagombea.

Anselme alikuwa injenia, wa kwanza mwenye ngozi kama yangu niliyemwona kwa macho yangu. Alisomea barabara na madaraja huko Ubelgiji. Papa, aliyezeeka akitandika reli, hakuchoka kulitaja neno lile, ingénieur, hata mbele ya wasiouliza. Anselme aliporudi alipewa kazi nzuri na nyumba yenye umeme. Halafu, ghafla, akaja kutuambia anaiacha kazi, anaingia siasa. Mama alilia. Mimi niliendelea kushona. Mtu anaitupaje kazi kama ile?

Nikajipa jibu mwenyewe: anataka kutuletea maji. Mtaa mzima tulitegemea bomba moja, mwanangu. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, ndoo mkononi, na kila asubuhi ni foleni na matusi. Siku nyingine ngumi.

Basi Jumapili ile, baada ya misa, watu walijaa ukumbi wa parokia. Hata majirani zetu Waislamu, wafanyabiashara wa asili ya Maniema, walikuja. Anselme akasimama na suti yake, akaongea Kifaransa kingi na Kiswahili kidogo: production, marché, investissement. Mwishoni tulichokamata ni hiki tu: kwanza ataipigania barabara ya Kasenga. Maji baadaye.

Ukumbi ukavurugika. Muuza samaki mmoja akapaza sauti: "Tunakuomba mayi, weye unatupa njia?" Wengine wakasema amenunuliwa. Wengine walipiga makofi, nadhani kwa ajili ya kile Kifaransa. Jirani yangu akanigusa bega, akimwonyesha kaka kwa kidole: "Vero, yaya yako anasema nini?" Barabara ya Kasenga na ndoo yangu, wapi na wapi?

Ndipo Papa alisimama. Watu wakageuka wote, maana baba kumhoji mwanawe mbele ya umati ni jambo zito.

"Anselme," akasema, "miye papa yako, sielewe. Bamoja banapiga makofi, bengine banakasirika, lakini naona hakuna muntu mwenye anaelewa. Anza tena. Na sema na Kiswahili ya mama yako."

Nilidhani Anselme atatoka nje kwa aibu. Akavua koti, akajifuta jasho, akaanza tena.

"Samaki yetu inatoka Kasenga. Mvua ikinyesha, kamio ya mizigo inakwama njiani, Kasomeno, samaki inaoza, ile kidogo yenye inafika iko bei kali. Njia ikikuwa muzuri, samaki itafika mingi, soko itakuwa kubwa, kodi itaingia. Ile kodi njo italeta mayi. Bomba ya leo iko ndogo. Nikiongeza robinet za kufungulia mayi, bantu ba mwanzo ya bomba batakunywa, ba mwisho batakosa. Nikisema mayi inakuja kesho, nitabadanganya."

Papa hakuketi. "Na mutoto wa Vero? Atakunywa nini, wakati tunangojea njia?"

Kaka yangu alinitazama, akamtazama mtoto mgongoni.

"Sijue, Papa," akasema.

Alichaguliwa. Kwa nini, sielewi vizuri. Wenye maneno matamu zaidi yake walikuwapo. Baada ya uhuru aliitwa kwenda Kinshasa, akawa miongoni mwa walioongoza mipango ya uchumi wa nchi nzima. Alipokuja kunitembelea, nywele zimeshakuwa nyeupe, aliniambia: "Vero, kule nasema mpaka nachoka, bote banatikisa kichwa. Hakuna mwenye ananiambia anza tena. Ile njo inaniogopesha."

Barabara ilitengenezwa, na kwa miaka kadhaa tulikula samaki wa Kasenga kwa bei nafuu. Maji yalifika karibu na nyumba yangu wakati mtoto yule ameshakuwa mkubwa wa kujitekea mwenyewe. Je, kaka alichagua sawa? Mwanangu, kila nikifikiri napata jibu tofauti.

Lakini hili nakupa kabla hujaondoka. Maneno ya msomi yakikupita, usipige makofi, wala usizomee. Simama, mwambie hujaelewa, aanze tena. Na siku wewe ndiye unayeongea, ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata kama baba yako na dada yako wanakutazama.

Mungu akupe kinywa kisichoogopa, na akuwekee karibu watu wanaokupenda kiasi cha kukukatiza. Nenda na baraka zangu, mwanangu.