Simu ya Kutua

Usithubutu kuondoka kwa Mma Seipati bila kuahidi kwamba utampigia simu ukifika. Sisi majirani zake hapa Maun tumeshazoea.

Zamani alifanya kazi ofisi ya uwanja wa ndege. Kila rubani alimwachia mpango wa safari: njia, mafuta, saa ya kutua. Akishatua kwenye kambi ya watalii huko deltani, rubani alipiga simu ili mpango ufungwe, yaani amefika salama. Ikipita nusu saa bila simu, watafutaji waliitwa.

Mumewe Othusitse alikuwa rubani msahaulifu kupindukia. Mara mbili watafutaji waliruka, wakamkuta jikoni kambini anakula magwinya, maandazi ya huku kwetu.

"Mma, mumeo mfunge kengele shingoni kama ng'ombe!" wenzake walimcheka ofisini.

Aibu ikamwingia. Tangu hapo, Othusitse asipopiga, mkewe alimfungia mpango mwenyewe. "Huyo anakula, mdomo umejaa," alisema.

Siku moja ya mvua aliufunga vivyo hivyo. Kesho yake wakata matete waliiona ndege imeanguka kinamasini. Othusitse alikuwa ameshafariki, lakini mkanda wa kiti alikuwa ameufungua mwenyewe, akatambaa hadi chini ya bawa, akangoja.

Juzi nilitoka kwa Mma Seipati mawingu yakiwa mazito, nikafika kwangu, nikasahau kupiga. Mara mlango ukagongwa. Ni yeye, miguu mitupu, amelowa chapachapa.

"Jamani, Mma, si ungenipigia tu?"

"Usingepokea," alisema akihema, "ningejiambia unakula."