Fuvu Chini ya Masale, Hagsätra

Severin wa Rombo hakuwa mwoga wa mifupa. Nalisema hilo mapema asije akaonewa. Mwaka 1973 alikuwa kibarua wa stoo ya makumbusho moja hapa Stockholm, na kazi yake ilikuwa kupiga brashi mifupa ya watu waliokufa kabla dunia haijajua chuma wala chungu: wakulima wa kwanza kabisa, wa kijiji fulani cha nchi za joto huko mbali. Anapiga brashi, anaweka pamba, anafunga boksi, anakula mkate wake wa jibini hapohapo. Marehemu hawalalamiki.

Aliyemharibia raha ni Gunvor, bosi wake, mama mzuri tu ila akianza kueleza hana breki. Siku moja akamweleza jinsi watu wale walivyozikana. Mtu akifa wanachimba sakafu ya nyumba, wanamkunja magoti kifuani kama mtoto tumboni, wanamfukia, na maisha yanaendelea juu yake: kupika, kulala, kugombana. Baadaye wanafukua tena, wanatoa kichwa peke yake, wanakipaka udongo mweupe kipate sura, wanakaa nacho ndani.

"Ajabu, au sio?" Gunvor akasema.

Severin hakuona ajabu. Alimwona babu yake. Bibi alimsimulia kwamba babu naye alizikwa vivyo hivyo, kakunjwa, chini ya sakafu ya nyumba yake, na baada ya muda kichwa kikatolewa, kikawekwa migombani chini ya masale, mmea wa heshima kwao Rombo, uso ukielekea mlimani. Bibi akaongeza lake: kichwa hakihamishwi bila kuambiwa kinakokwenda. Ukikibeba kimyakimya kama mwizi, kitakudai mtoto.

Toka siku hiyo mkate wake akawa anaulia nje. Mkewe Wanjira, binti wa Nyeri, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwaka uliotangulia walimpoteza mtoto wao wa kwanza akiwa mkubwa hivyohivyo. Alinyamaza tumboni, wakangoja, ndiyo ikawa basi.

Sasa sikia. Alhamisi mchana gari la stoo likagoma. Gunvor akampa Severin boksi lenye fuvu moja, alipeleke makumbusho mjini kwa treni, kisha aende zake nyumbani. Kufika, mlango umefungwa. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya kiangazi, na Waswidi kwa sikukuu hiyo wanauhama mji kama umeingia tauni. Akagonga. Akapiga simu stoo, nako wameshaondoka. Funguo hana. Akabaki barabarani na mtu mzima ndani ya boksi.

Akapanda treni ya Hagsätra, boksi mapajani. Bibi mmoja wa Kiswidi akamtabasamia, akidhani ni keki.

Nyumbani akaficha boksi kabatini nyuma ya viatu vya theluji, wala hakusema neno. Wazee wa Wanjira kule Nyeri maiti walikuwa hawamgusi kabisa, sembuse kumlaza kwenye makoti.

Ijumaa asubuhi Wanjira akakaa kitandani, mkono tumboni. "Severin, huyu mtoto hajacheza tangu jana."

"Jana saa ngapi?"

"Tangu urudi kazi. Mbona umebadilika uso?"

"Twende hospitali."

"Wacha nioge kwanza. Na usinitie wasiwasi, mimi ndio niko na tumbo."

Maji yalipoanza kumwagika bafuni, Severin alikuwa keshafika kabatini. Pale dirishani sebuleni palikuwa na masale. Waswidi wanayauza madukani kama pambo, wanayamwagilia na kuyafuta vumbi, hawajui kwamba kuna watu huyabeba wakienda kuomba msamaha. Akafungua boksi chini yake. Udongo mweupe ulikuwa umebaki nusu ya uso, na jicho moja la simbi, ganda la baharini, likamtazama.

Mlima wa kwao uko kusini, akakisia, akageuza uso kuelekea jengo la kufulia nguo. Mbege, pombe ya ndizi ya kwao, hana. Akamimina bia hafifu ya dukani kwenye udongo wa chungu, na nyingine ikamwagikia kwenye boksi.

"Shikamoo," akasema. "Sijui kama wewe ni baba au mama, unisamehe. Aliyekubeba ni mimi. Sikukuambia tunakwenda wapi kwa sababu hata mimi sikujua. Jumatatu nakurudisha. Mtoto niachie."

"Unaongea na nani?"

Wanjira alikuwa mlangoni, taulo kichwani. Akatazama. Akatazama tena.

"Hiyo ni kichwa ya mtu?"

"Cha zamani sana, mke wangu."

"Na imelala hapa kwangu? Na mimi nikiwa hivi?"

"Kimelala kabatini."

"Na viatu zangu? Wewe Severin, kwenu walikufunza nini, unaokota watu kwa kazi unaleta..."

Akakatiza. Mkono ukashuka tumboni.

"Amepiga teke," akasema polepole. "Tena. Ngoja. Tena."

Severin akakaa chini sakafuni kama gunia. "Ni bia," akasema.

"Bia gani. Ni mimi. Amesikia mamake akigombana ndio akaamka. Toa hiyo kitu iende kwa balkoni."

Severin akanyoosha mikono kukinyanyua.

"Simama hapo," Wanjira akasema, akirudi nyuma hatua moja. "Si nimekusikia ukiiomba msamaha kwa kuibeba bila kuiambia? Iambie kwanza unaipeleka wapi. Usiniletee mambo."

Akakiambia, akakipeleka. Hospitali walikwenda hata hivyo, na moyo wa mtoto wakausikia ukidunda kwenye mashine.

Jumatatu Gunvor alinusa boksi. "Severin, hili linanuka bia."

"Ilikuwa sikukuu," Severin akasema.

Agripina alizaliwa Agosti, akilia mpaka wakunga wakacheka. Baba yake aliendelea na stoo miaka mingi, na kila boksi, kabla ya kulinyanyua, alikuwa analiinamia na kunong'ona linakokwenda. Gunvor alidhani anaimba.