Buti za Saa Kumi na Mbili

Sijawahi kuwa na saa iliyoniamsha vizuri kama buti za jirani yetu wa Morogoro, askari polisi. Wiki ya zamu ya asubuhi tulizisikia zikitoka saa kumi na mbili kasoro. Wiki ya zamu ya usiku, karibu muda uleule, zikirudi huku zikiburuta kidogo. Kila akipita aligonga dirisha letu mara mbili kwa pete yake. "Bonifasi, kumekucha!" Baba akaamka, akaenda kiwandani. Wiki ya zamu ya mchana, ambayo angeweza kulala, alikuja amejifunga shuka, macho mekundu, akagonga, akarudi kitandani.

Kisha kiwanda kikauzwa, baba akapunguzwa kazi. Kesho yake, ukungu wa milima ya Uluguru ukiwa umeshuka hadi kwenye mabati, pete ikagonga. Mama akatoka na kanga begani.

"Afande, kwani huna habari? Kazi imekwisha."

"Ninayo, shemeji." Akavua kofia. "Lakini aamke."

Akagonga tena, polepole. Ndani, nikamsikia baba akitafuta viatu vyake.