Wavu wa Ukungu, Gisozi

Kiangazi cha mwaka 1993 nilishona wavu wa kukamata ukungu. Nilikuwa fundi cherehani, na kishamba changu kilikuwa juu ya kilima cha Gisozi, mahali ambapo mvua ikishaondoka hata magugu hukauka.

Jambo lenyewe ni rahisi, hata wewe unaliweza. Chukua magunia ya vitunguu, yale ya nyuzi za plastiki, uyafumue na kuyaunganisha mpaka upate pazia pana. Lisimamishe kati ya nguzo mbili, likabili bonde. Alfajiri ukungu hupanda kutoka kwenye kinamasi, hupita katikati ya nyuzi, na kila uzi hubakiza chembe za maji. Chembe zikikutana huwa tone, na tone huteremka kwenye mwanzi uliopasuliwa mpaka ndani ya dumu. Usiwe na haraka. Asubuhi ikiwa njema dumu lilijaa, tukaupa kila mche wa kabichi kopo moja, shinani.

Kabichi nyingi zilikuwa za jirani yangu, mjane aliyelisha watoto wake kwa kuziuza.

Asubuhi moja kiongozi wa seli, mkubwa wa mtaa wetu, alipanda na mwanamume nisiyemfahamu.

"Fundi, hii iko antena?"

Jirani, aliyekuwa akimwagilia kabichi zake, akacheka. "Ya kuongea na kabichi!"

"Ya kuongea na nani, ndiyo tunauliza."

Mimi nilifurahi kuulizwa. Nikaeleza nyuzi, mwanzi, hata saa tunayofika.

"Na haya maji wanachota nani?"

Nikataja nyumba nne, ya jirani ikiwemo, nikizionyesha kwa kidole, nikidhani wavu wa watu wengi utaonekana wa heri. Yule mgeni alirudia kila nyumba kwa sauti ndogo, kama anayekariri somo.

Walipoondoka jirani aliniuliza, "Mbona hukunyamaza, fundi?"

Kitambulisho chake kilikuwa na kabila ambalo redio ililitukana kila siku, ikiliita la wasaidizi wa waasi. Nilijua. Katika utamu wa kueleza, nilisahau.

Kesho yake hakuja. Siku ya tatu kabichi zake zikalegea, nikampelekea maji nyumbani. Alifungua mlango kidogo tu.

"Rudi nayo."

"Zinakufa, mama."

"Acha zife. Ukionekana hapa tena, watakuja kuuliza na watoto wangu ni wangapi."

Nikashuka na dumu langu. Njiani nilikutana na yule mgeni, peke yake. Alinisalimia kwa adabu, akauliza kama jirani yangu yuko nyumbani.

Nikasema sijui.