Mita Zilizonyamaza Namakwekwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu nianze kusoma mita za maji hapa Jinja, safari yangu ndefu imekuwa kutoka Mpumudde hadi Mafubira, na hata hiyo naifanya nikiwaza kiti changu. Basi mkubwa wetu aliponiambia niende Mbale, nilimjibu kwamba goti linaniuma. Akasema vizuri, nitakwenda kwa gari. Mbale walikuwa wanajaribu mita zinazojisoma zenyewe: kila mita imefungiwa kidude chenye betri, kidude kinatuma hesabu hewani kwa cha jirani, cha jirani kinapokeza mbele, mpaka ofisini. Nikaone kama zinatufaa. Yaani nilitumwa kukagua kitu kitakachoninyang'anya kazi, na mke wangu akanifungia begi kwa haraka iliyonitia wasiwasi.

Asubuhi tuliondoka kwa pikapu ya ofisi. Dereva wetu Barasa, Mkenya wa Busia, alinicheka mpaka Iganga kwa sababu nilibeba mto wangu wa kulalia. Tukashika barabara ya Tirinyi, mpunga huku na huku, nami kila mara nauliza kama tumefika.

"Bwana, hapa bado ni Busoga," akasema. "Kwenu hakujaisha."

Maneno hayo yalinituliza, mpaka mlima Wanale ulipojitokeza mbele kama ukuta, maji yakiuteremka kwa nyuzi nyembamba. Hapo nikajua nimetoka kweli.

Mbale tulipokewa na Nambozo, fundi wa mitambo hiyo, dada mchangamfu aliyeonekana hajalala vizuri. Akanionyesha kompyuta: kila mita ni doa la kijani, isipokuwa kona moja ya Namakwekwe ambako nyumba nne zilikuwa kijivu. Zimenyamaza. Ofisi yao ilihesabu ukimya kuwa wizi. Zisiposema kitu leo, kesho zinakatiwa maji na majaribio yanafungwa. Nikasikitika usoni. Moyoni niliona buti zangu za kusomea mita zikifufuka.

Huko Namakwekwe tuligawana, yeye nyumba za juu, mimi za chini. Nilipiga hodi kwa Kiswahili, nimevaa buti na koti la kazi, na milango ikafungwa taratibu. Mtoto mmoja alinipigia saluti. Watu wa huku wakisikia Kiswahili kinatoka juu ya buti, wazee wao hukumbuka wanajeshi wa enzi zile.

Aliyenikaribisha ni Mama Hadija, Mnubi, mwenye nyumba za kupangisha na jiko la chapati uani. Kiswahili chake safi kilinitia aibu. Akanipa chai, nikakaa kwenye sanduku la chuma kando ya ukuta, nikamuuliza mita yake iko wapi.

"Umeikalia, bwana."

Nikainuka kidogo, kisha nikakaa tena, maana chai ilikuwa ya moto. Akanieleza kwamba wezi wa vyuma wanang'oa mita. Zamani alikuwa anaiacha wazi kwa ajili ya msomaji. Ilipotangazwa kwamba msomaji haji tena, alikwenda kwa mchomeleaji akatengenezewa sanduku lenye kufuli.

"Kama hakuna mtu wa kuitazama, niiache wazi itazamwe na nani?"

Hapo nikaelewa: kidude kinaongea humo ndani, na chuma hakipitishi sauti yake. Nikapuliza chai. Nikifunga mdomo tu, majaribio yanakufa, narudi kwenye kiti changu. Mama Hadija akaniongezea chapati.

"Hivi ni kweli kesho wanatukatia maji, afande? Nina wapangaji wenye watoto wachanga. Na mimi unga nitakanda kwa mate?"

Nikaiweka chapati chini. Nikampigia Nambozo simu.

Nambozo alipofika na sanduku kufunguliwa, tulisimama tukiyatazama madoa yale kwenye simu yake. Doa la Mama Hadija likawa kijani. Punde likafuata la nyuma yake, kisha mengine mawili. Nyumba zile zote zilikuwa zinapitisha hesabu zao kwake.

"Kumbe nimewaziba mdomo majirani?" akauliza.

"Wote, mama," Nambozo akasema.

"Yule wa nyuma alikuwa anahitaji kuzibwa."

Wakakubaliana sanduku liwekewe mfuniko wa mbao, kufuli ibaki ileile.

Njiani kurudi nilimsimulia Barasa yote, naye akaniuliza kwa nini sikunyamaza. Nikamwambia chapati zilikuwa nzuri.

Jinja, mbele ya mkubwa, nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwambia mita zinafanya kazi, ila ofisini haionekani nani amezifungia kwenye chuma. Lazima awepo mtu wa kupita nyumba kwa nyumba, akae, anywe chai, aulize. Nilijiona mjanja: nimeiokoa kazi yangu bila kumkatia mtu maji. Mkubwa alikubali kila neno. Akasema kazi hiyo ianze Jumatatu, Mbale, na nitaifanya mimi mpaka mitaa yote iishe.

Nilichojifunza ni kwamba mita inaweza kujisoma, lakini haiwezi kumnyanyua mtu aliyeikalia. Nyumbani nilimweleza mke wangu habari zote, begi likiwa bado mlangoni. Hakulifungua. Aliongeza soksi, akauliza kama na mto unakwenda.