Karatasi ya Vidonge vya Sukari

Nimekwisha kustaafu, lakini nikimsikia mtu akisema wagonjwa hawafuati maelekezo, mori hunipanda papo hapo. Najua maneno hayo hufunika nini. Niliwahi kuyatia sahihi mimi mwenyewe, mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, katika hospitali ya kisiwani Mombasa nilikokuwa nesi wa kasualti.

Dirisha la dawa la hospitali ile lilifungwa Jumamosi saa saba mchana, halikufunguliwa tena mpaka Jumatatu. Ungedhani maradhi nayo hupumzika mwisho wa wiki. Kwa hiyo mgonjwa aliyetibiwa kwetu Jumamosi jioni au Jumapili, akaruhusiwa kwenda nyumbani, dawa zake alipewa na nesi. Nilifungua kabati, nikahesabu vidonge juu ya kifuniko cha mkebe, nikavifunga, nikamweleza namna ya kuvinywa, na nyuma yake watu thelathini wananitumbulia macho.

Zamani tulikuwa na bahasha ndogo za kaki za kutilia vidonge, zenye mstari wa jina la mgonjwa na mstari wa kipimo. Kisha zikaisha. Nilijaza fomu nikaipeleka stoo. Karani wa stoo, mtu mnene mpole aliyependa kunywa chai yake bila kusumbuliwa, akanirudishia kwa sababu haikuwa na sahihi ya mganga mkuu. Mganga mkuu alikuwa semina. Aliporudi akatia sahihi, karani akasema fomu hiyo ni ya zamani, sasa kuna mpya. Mpya nilipoipata, mganga mkuu alikuwa semina nyingine. Nilizungushwa hivyo miezi mitano. Miezi mitano, kwa ajili ya bahasha.

Sasa, nyuma ya kasualti palikuwa na maboksi ya kadi kuukuu za wagonjwa, zinangoja lori la taka la kwenda Kibarani. Kadi zenyewe zilikuwa ngumu kiasi, upande mmoja zina maandishi ya madaktari, upande wa pili ni tupu. Nikachukua mkasi, nikazikata vipande vinne vinne, nikabuni mkunjo: maandishi yaingie ndani, upande safi ubaki nje, ncha zichomekwe zisifunguke. Upande wa nje ndipo nilipoandika kipimo kwa biro. Metroni alipouona mkunjo ule akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikavimba kichwa. Nikawafundisha manesi wapya. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani naikimbia sehemu yangu.

Jumamosi moja alasiri aliletwa fundi mmoja wa kanzu. Umri wake kama miaka sitini, mwembamba, vidole virefu. Alikuwa na kiduka cha cherehani moja nyuma ya Biashara Street, akijulikana kwa kudarizi shingo za kanzu za maarusi kwa mkono, kazi ambayo mashine haikuiweza. Kiu haimwishi, kichwa kinamzunguka. Kumpima, sukari imepanda. Daktari wa zamu akamtundikia maji, na jua lilipoanza kushuka akawa amepata nafuu. Daktari akaandika vidonge vya kushusha sukari, kimoja kila asubuhi, wiki mbili, kisha aje kliniki.

Mkewe alikuwa amemleta, lakini alibaki nje ya geti. Askari alimwambia si saa ya kuona wagonjwa. Huo ulikuwa utaratibu wetu mwingine wa busara: anayepika nyumbani, anayetia chai, atakayempa mgonjwa dawa, huyo ndiye wa kusimama juani. Maelekezo tukampa mtu ambaye bado anaona meza mbili badala ya moja.

"Mzee, ni kimoja tu kila asubuhi, ukishakunywa chai. Na chai usitie sukari kabisa. Sukari sasa ni adui yako. Umenielewa?"

"Nimekwelewa, mwanangu."

"Haya, nirudishie nilivyosema."

"Kimoja asubuhi. Sukari ni adui."

Nikahesabu vidonge kumi na vinne, nikavikunja, nje nikaandika: 1 asubuhi. Nyuma yake palikuwa na mvuvi kutoka Liwatoni, ndoana imemzama kiganjani, anagugumia. Nikamwita mvuvi.

Jumatatu niliingia zamu ya asubuhi. Sijamaliza hata kupokea kabati, nikasikia kelele getini. Walikuwa wamemtoa yule fundi uchochoroni kwao kwa mkokoteni wa hamali, maana gari halipiti, wakamtia teksi barabarani. Amelala hajitambui, kanzu imeloa jasho chepechepe. Mkewe safari hii hakumsikiliza askari. Alipita na buibui lake limemteleza mabegani, naye askari akampisha.

Daktari alimpima. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka karibu na mwisho. Tukamchoma maji ya sukari kwenye mshipa, tukangoja. Hakuamka.

Nikamgeukia mkewe. "Mama, alikunywa vidonge vingapi?"

"Kama vilivyoandikwa."

Akafungua pindo la leso yake, akatoa kile kipande cha kadi. Ndani mlikuwa na vidonge vinne. Nilivihesabu mara mbili. Vilitakiwa viwe kumi na viwili, au kumi na vitatu.

"Lakini mama, hapa imeandikwa kimoja asubuhi. Tazama, hapa nje."

"Hiyo ya nde n'liiona," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekosa, ilikuwa ya mtu anayemweleza mtoto. "Lakini barua, mwanangu, haisomwi kwa nde. Kwa nde ni pa mchukuzi. La mwenyewe huwa ndani."

Akakikunjua kipande kile chote, akakilaza mezani, akakipapasa kwa kiganja mpaka kikanyooka. Ndani, kwa wino wa daktari ambaye huenda alikwisha kuhama zamani, juu ya kadi ya mgonjwa ambaye sitamjua kamwe, paliandikwa: 2 x 3.

"Viwili mara tatu," akasema. "Nimesoma ngumbaru ukubwani miaka miwili. Mwalimu alitufunza mpaka hesabu za mara. Nikaona hii ya nde ni hati ya nesi, na hii ya ndani ni hati ya daktari. Sasa baina ya nesi na daktari, mkubwa ni nani?"

Katika mji ambao watu wamekulia kujua kwamba la maana hukunjwa ndani, iwe ni barua au hirizi, mimi nilikuwa nimekunja ndani maneno ya mtu mwingine nikayapeleka nyumbani kwao. Alimpa viwili magharibi ile ile ya Jumamosi, viwili kabla ya kulala, na Jumapili kutwa sita.

Kilichoniuma zaidi ni alichosema baadaye, tumesimama ukutani tukimwangalia mumewe. Jumapili usiku fundi alianza kutetemeka, jasho lamtoka, anasema maneno yasiyo na mbele wala nyuma. Jirani akaleta kikombe cha chai tamu, akasema huyu ameishiwa nguvu, mpe anywe.

"Niliirudisha," akasema. "Jirani akanuna. Nikamwambia, hospitali wamesema sukari ni adui yake. Singekubali aguswe na adui mbele yangu."

Kikombe kimoja cha chai kingemsaidia pakubwa. Alikikataa kwa sababu alitutii. Kila tulilolisema alilifanya, na kila tuliloliandika alilisoma, na bado watu wanasema wagonjwa hawasikii.

Fundi alizinduka Jumatano. Alimtambua mkewe, hata jina lake akalitaja. Kesho yake mkewe akamletea kanzu aliyokuwa ameiacha nusu, pamoja na sindano yake imekwisha kutiwa uzi, akifikiri kazi itamchangamsha. Nilikuwepo wodini. Aliishika sindano, akaigeuza, akaitazama huku na huku kwa adabu, kama mtu aliyekirimiwa chakula asichokijua.

"Hiki ni kitu gani?" akamuuliza mkewe.

Siku hiyo hiyo nikaitwa ofisini kwa mganga mkuu. Alikuwepo yeye na metroni, na ripoti imekwisha kupigwa chapa, inangoja sahihi yangu kama nesi aliyetoa dawa. Ilikuwa fupi. Ilisema nilitoa vidonge na maelekezo sahihi, na kwamba madhara yametokana na mgonjwa kutofuata maelekezo kwa sababu ya familia kutojua kusoma.

Nilidhani nimeisoma vibaya. Nikairudia.

"Mama yule anajua kusoma," nikasema. "Tatizo lenyewe ni kwamba anajua kusoma. Alisoma tulichompa."

"Alisoma kisichomhusu," akasema metroni.

"Nilikitia mkononi mwa mumewe. Kilikuwaje hakiwahusu?"

Mganga mkuu akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Kwa hiyo dada unataka niiandikie wizara kwamba hospitali hii inafunga dawa kwa takataka?"

"Ndivyo inavyofanya, daktari."

Metroni ndiye aliyenijibu, kwa upole ule wake wa kutisha. Akanikumbusha kwamba orodha ya watakaopunguzwa kazini inaandaliwa. Kisha akauliza, kama mtu aliyesahau tu, ule mkunjo ulibuniwa na nani vile? Yeye aliyenisifu nao mbele ya watu. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mama yangu mgonjwa kwetu bara, upande wa Kaloleni, na mshahara wa kuwalisha wote watatu ni huo mmoja. Nikashika kalamu.

Nilitia sahihi. Sitafuti mtu wa kunionea huruma. Waswahili husema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Sisi tulimnyonga, na haki yake tukaifungia ndani ya faili, na mmoja wa waliogeuza ufunguo ni mimi.

Kisha metroni akamwita yule mama akamsomea ripoti. Akamsomea, neno kwa neno, mtu ambaye angeweza kujisomea mwenyewe. Nilikuwa napita ukumbini, mlango u wazi. Nilimwona ameketi, mikono juu ya mapaja, macho ameyaelekeza kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwa metroni, akiifuata mistari kwa umbali. Metroni alipomaliza, akamwambia pole, akampelekea kidau cha wino apige dole gumba.

Ijumaa asubuhi bahasha zikaja. Karani wa stoo alizileta mwenyewe, boksi zima, bila fomu. Nilipolifungua, mavumbi ya juu yalikuwa mazito hata ungeweza kuandika juu yake kwa kidole. Nikamuuliza zilifika lini. Akasema zilikuwepo tu, dada, ila hazikuwa zimetolewa. Akarudi kwenye chai yake. Siku ile nilijifungia chumba cha kubadilishia nguo nikalia, na hayakuwa machozi ya huzuni. Nilikuwa nataka kuvunja kitu na hapakuwa na cha kuvunja ila mikebe ya dawa za watu.

Fundi alikwenda nyumbani. Nilisikia kwamba kiduka kimefungwa, na kwamba kutwa hukaa barazani, mpole, mtu akipita humsalimu kama mgeni wa heshima.

Kama miezi mitatu baadaye, Jumamosi jioni, yule mama alikuja kasualti. Vidonge vya mumewe vilikuwa vimekwisha, nalo dirisha la dawa limefungwa kama kawaida. Safari hiyo geti lilikuwa wazi kwa jamaa, angalau hilo tulijifunza. Alisimama foleni mpaka zamu yake ikafika.

"Masalkheri, mwanangu."

"Akheri, mama. Mzee hajambo?"

"Tuko naye."

Dozi sasa ilikuwa nusu kidonge. Nikavikata kwa wembe kimoja kimoja, polepole, nikavitia katika bahasha mpya ya kaki. Nikaandika jina, nikaandika nusu asubuhi, kwa herufi kubwa, kwa maneno matupu bila tarakimu. Ndani ya bahasha hamkuwa na neno. Nilimfungulia aone. Nilitaka, sijui nilitaka nini, labda nilitaka anisamehe bila mimi kuomba. Nikamsogezea.

"Mama, hebu nisomee hapa, tuhakikishe pamoja."

Hakuitazama. Nyuma yake foleni ilikuwa imenyamaza, na metroni alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake la zamu.

"Mimi sijui kusoma, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nambia kwa mdomo."

Niliinua macho nikamtazama, naye akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja.

Nikamwambia. Nusu, asubuhi, baada ya chai. Akakariri mara tatu, kila mara akikunja kidole. Kisha akafungua pindo la leso, akamimina vidonge vyote humo, akafunga fundo, akalivuta kwa meno likakaza. Bahasha akaniachia mezani.